Funzo: Mti Uliogeuka Rangi, Je, Wafaa kwa Upinde?

Ndugu zangu wa Kabambare, ninyi mnaokaa kando ya Luama na ninyi mnaokaa katika vijiji vya machimbo, leo twataka kusema habari ya mti wa upinde. Wazee, vumilieni kijana awaambie jambo ambalo wengine wenu mwalijua. Vijana, sikieni vema, kwa maana jambo hili laweza kumpotezea mtu jicho.

Zamani mtu aliyetaka upinde aliingia porini, akachagua mti mdogo ulionyoka, akaukata ungali hai. Leo, karibu na machimbo kama ya Namoya na Salamabila, miti mingi imekatwa kwa nguzo za mashimo, kwa nyumba, kwa kuni na kwa makaa. Basi mtu huenda mbali, au huokota mti ulioangushwa na upepo, au huchukua gongo lililoachwa na wakata miti. Mti wa namna hiyo mara nyingi umegeuka rangi. Una waa la buluu, au la kahawia, au weupe usio wa kawaida.

Hapo watu hukosa kwa njia mbili. Wa kwanza huona waa, akatupa mti mzuri motoni. Wa pili huona mti safi, akauamini bila kuujaribu. Neno la funzo hili ni moja, lishikeni: rangi ni ulizo, si hukumu. Mti ukigeuka rangi, uulize rangi hiyo imetoka wapi, kisha uujaribu kwa kisu na kwa sikio.

1. HABARI YA MAGONGO MAWILI

Nilipokuwa ningali shuleni, mjomba wangu alikuwa na magongo mawili juu ya dari ya jiko. La kwanza lilikuwa na mawaa ya buluu, kama wino uliomwagika. La pili lilikuwa jeupe, laini, bila waa hata moja. Akaniambia, «Mpwa wangu, chagua moja ujifunze kuchonga.» Nikachagua jeupe, nikacheka lile lenye mawaa.

Nilichonga siku nne. Upinde ukapiga vema kwa muda wa majuma mawili. Siku moja mdogo wangu aliuvuta mpaka shavuni, ukavunjika ghafula, na kipande cha juu kikampiga juu ya jicho. Damu ikamjaa usoni. Jicho lilipona, lakini kovu liko hata leo. Kama kipande kile kingalishuka kwa upana wa kidole kimoja tu, angalikuwa na jicho moja.

Mjomba hakunikaripia. Aliokota vipande, akavipeleka juani, akakwangua kidogo kwa kisu, akaniita. Karibu na mahali palipovunjika niliona mistari myembamba myeupe, iliyokata nyuzi za mti kwa upande, kama makunyanzi ya ngozi ya kiwiko. Mjomba akakumbuka kwamba mti ule uliangushwa na dhoruba, ukalalia jiwe kubwa. Akasema, «Mti huu ulivunjika siku ile ile ya dhoruba, ila ulikuwa haujatuambia. Mimi nami sikuutazama vema.»

Lile gongo la buluu alilichonga mwenyewe, baada ya kulijaribu. Upinde ule ungali nyumbani kwake, na bado anaupiga.

2. KAZI YA NYUZI ZA MTI

Ili kufahamu mambo haya, yafaa kujua kazi ya upinde. Upande unaotazama mnyama tunauita mgongo. Upande unaomtazama mpigaji tunauita tumbo. Ukivuta ugwe, nyuzi za mgongo zinanyoshwa kwa nguvu, na nyuzi za tumbo zinabanwa. Nyuzi zikiwa nzima na ndefu, upinde unarudi mahali pake na kutupa mshale. Nyuzi zikiwa zimeliwa au zimevunjika, upinde hauna kitu cha kuushika.

Kwa hiyo ulizo letu kila mara ni hili: je, kitu kilichogeuza rangi kimegusa nyuzi, au kimegusa rangi tu?

3. RANGI ZISIZO NA HATARI

(a) Rangi mbili za mti wenyewe. Miti mingi ina sehemu ya nje iliyo nyeupe, ambayo hupitisha maji ya mti, na kiini cha ndani kilicho cheusi zaidi au chekundu. Tazameni mukula: nje mweupe, ndani mwekundu. Hilo ndilo umbo lake. Katika nchi ya Uingereza, merikebu ya vita iliyoitwa Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikatolewa baharini mwaka 1982. Ndani yake zilionekana pinde zaidi ya 130 za mti unaoitwa yew. Mafundi wa zamani walizichonga hivi: mti mweupe wa nje ukawa mgongo, kiini chekundu kikawa tumbo. Walifanya hivyo kwa makusudi, kwa maana mti mweupe wa yew hustahimili kunyoshwa, na kiini chake hustahimili kubanwa. Basi mpaka ulionyoka kati ya rangi mbili, unaofuata mti toka chini hata juu, usiwatie hofu.

(b) Kijivu cha jua na mvua. Mti uliokaa nje hugeuka kijivu juu ya uso wake. Kwangueni unene wa ukucha. Rangi nzuri ikitokea chini, basi jua limechoma ngozi tu.

(c) Weusi wa moshi. Gongo lililokaa juu ya jiko huwa jeusi au la kahawia. Moshi haupotezi nguvu ya mti. Lakini moto wa karibu huukausha kupita kiasi, nao huvunjika upesi. Moshi uupate, miali ya moto isiufikie.

(d) Weusi wa chuma. Miti mingine ina maji makali yanayokausha ulimi. Ukiikata mibichi kwa panga, au ukiacha msumari ndani yake, hutokea waa jeusi lenye buluu mahali chuma kilipogusa. Waa hilo huwa karibu na chuma, tena si la ndani sana. Likwangue.

4. RANGI ZA KUTILIA SHAKA

(a) Buluu ya kuvu. Kuvu ni kitu chenye uhai, ndugu wa uyoga. Ziko namna nyingi za kuvu, na si zote zenye chakula kimoja. Kuvu ya buluu hula sukari na wanga uliowekwa akiba katika mti mweupe. Kuta za nyuzi haizili sana. Kwa sababu hiyo mti wa buluu hubaki na nguvu yake karibu yote ya kupindika, ingawa waweza kupungua kidogo katika kustahimili pigo la ghafula. Lakini kuvu hii inatupa habari: mti huu ulikaa na maji, penye joto, bila hewa ya kutosha. Mahali kuvu ya buluu ilipokaa, kuvu ya kuozesha nayo yaweza kufika. Basi mti wa buluu usiutupe, wala usiuchonge kabla ya kuujaribu.

(b) Rangi karibu na jeraha au tawi lililovunjika. Mwaka 1977 mtu wa Marekani, Alex Shigo, ambaye alipasua miti mingi sana ili kutazama ndani yake, alieleza kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Mti ukijeruhiwa, hujenga kuta ndani yake, ili ugonjwa usipite. Mahali palipofungwa hugeuka rangi. Mara nyingine mti wa hapo ni mgumu bado. Mara nyingine uozo umekwisha kuanza nyuma ya ukuta. Ikiwezekana, chongeni upinde nje ya mahali hapo.

(c) Matundu ya wadudu. Tundu dogo lenye ukingo mweusi ni kazi ya mdudu anayeingia mti mbichi, akalima kuvu ndani ya tundu na kuila, kama sisi tunavyolima muhogo. Mti ukikauka, shamba lake linakufa naye hawezi kuendelea. Tundu moja la namna hiyo penye mshiko lavumilika. Matundu mengi penye mikono ya upinde hayavumiliki. Lakini mkiona unga laini kama unga wa ngano ukimwagika, yuko mdudu mwingine, anayekula wanga wa mti mkavu, naye angali kazini. Gongo hilo lichomwe, lisikae karibu na magongo mengine.

5. RANGI ZA KUKATAA

(a) Kahawia iliyokufa. Kuvu namna hii hula ile sehemu ya mti inayozipa nyuzi nguvu ya kunyoshwa. Mti hugeuka kahawia, hauna mng'ao, na mwishoni hupasuka vipande vipande vya pembe nne, ukasagika kwa vidole.

(b) Weupe wa uozo. Kuvu nyingine hufanya mti kuwa mweupe kuliko kawaida, mwepesi na laini. Mara nyingi mtaona mistari myembamba myeusi ikizunguka sehemu nyeupe, kama mipaka ya mashamba katika karatasi. Mti huo wapendeza macho, wafaa kwa kijisanduku cha kuwekea vitu. Kwa upinde, hapana.

(c) Mistari inayokata nyuzi kwa upande. Ndiyo ile niliyoieleza. Hutokea kwa mti uliopindwa mno na upepo, au ulioanguka juu ya jiwe au juu ya gogo. Hiyo si kuvu. Nyuzi zenyewe zimekunjika. Kwa kuitafuta, laini kwanza uso wa mti, kisha uelekeze juani kwa upande, utazame kwa jicho la karibu. Mstari mmoja tu watosha kukataa gongo.

Fahamuni neno hili kuliko yote: uozo ukiwa mchanga, jicho halioni kitu, na mizani haionyeshi kitu kikubwa, lakini nguvu ya mti ya kustahimili pigo la ghafula imekwisha kupungua sana. Upinde hupata pigo kila mshale unapotoka. Ndiyo sababu macho peke yake hayatoshi.

6. MAJARIBIO MATANO

La kwanza, kukwangua. Kwangua waa kidogo kidogo. Likiisha upesi, lilikuwa la juu. Likizidi kuingia ndani, endelea na majaribio mengine.

La pili, ncha ya kisu. Choma ncha ya kisu penye waa, kwa kufuata nyuzi, kisha inua kijiti kidogo. Mti mzima hulia «ta!», nacho kijiti huinuka kirefu, chenye nyuzi. Mti uliooza haulii, na kijiti hukatika kifupi pale pale penye kisu. Fanya hivyo penye waa na mahali pasipo waa, upate kulinganisha.

La tatu, sikio. Fungua gongo kwa kamba, liache lining'inie, uligonge kwa kipande cha mti mgumu. Gongo zima huimba. Gongo lililooza au lenye ufa hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Linganisha na gongo jingine la mti ule ule, la unene ule ule, lenye ukavu ule ule.

La nne, pua na mkono. Mti mzima una harufu yake. Ukinuka uyoga au udongo wa chini ya majani, tia shaka. Tena, ukiwa mwepesi kuliko mwenzake wa kadiri ile ile, tia shaka zaidi.

La tano, kuvunja kipande. Kabla ya kumaliza kuchonga, kata kijiti cha unene wa kidole kutoka penye waa, kikiwa kikavu, ukivunje kwa mikono miwili huku umegeuza uso. Kikivunjika kwa shida, kikabaki na miiba mirefu, ni kizima. Kikikatika papo hapo kama muhogo uliopikwa, gongo lote la sehemu ile ni la moto.

Gongo lililoshinda majaribio yote matano, lichonge bila hofu, hata kama rangi yake haipendezi. Lakini usilivute lote kwa siku moja. Vuta kidogo, tazama, kwangua, vuta tena. Mahali panapopinda kuliko pengine ndipo panapolia.

7. WAA LIKO WAPI?

Waa la kutilia shaka likiwa penye mshiko, ambapo mti ni mnene na haupindiki sana, hatari ni ndogo. Likiwa katikati ya mkono wa upinde, ambapo mti hupinda sana, hatari ni kubwa. Likiwa mgongoni, hatari imezidi yote, kwa maana mgongo huvunjika bila kuonya. Geuza gongo kabla ya kuchonga, utafute mgongo ulio safi.

8. KUZUIA NI BORA KULIKO KUJARIBU

Ukate mti mwanzo wa kiangazi, mwezi wa Juni, upate miezi mikavu ya kuukausha. Usiuache mti chini hata juma moja: penye joto na unyevu, kuvu ya buluu huanza kwa siku chache. Upasue mapema, uondoe ganda, upake nta kwenye ncha zote mbili ili zisipasuke. Uuweke kivulini, juu ya vijiti, pasipo kugusa ardhi, penye hewa inayopita. Baada ya miezi miwili au mitatu uupandishe juu ya dari ya jiko.

Kuvu haiwezi kukua katika mti ambao maji yake ni chini ya sehemu 20 kwa sehemu 100 za mti mkavu. Je, utajuaje? Ninyi wa machimbo mnayo dawa: mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Kata kipande kidogo mbali na ncha ya gongo, ukipime. Tuseme ni gramu 12. Kikaushe karibu na moto, bila kukiunguza, ukipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Tuseme kimebaki gramu 10. Maji yaliyotoka ni gramu 2, nazo ni 20 kwa 100 za mti mkavu. Gongo hilo bado, lirudishe darini.

9. MPINI NA NGUZO

Elimu hii si ya wawindaji peke yao. Mpini wa shoka hupata pigo kama upinde. Ukivunjika, shoka huruka. Mama anayelima kwa jembe lenye mpini uliooza hupoteza siku ya kazi. Na ninyi vijana mnaoshuka mashimoni, tazameni nguzo zinazoshikilia udongo juu ya vichwa vyenu. Ndani ya shimo mna joto, mna maji, hewa ni kidogo: hapo ndipo nyumba ya kuvu. Nguzo iliyokuwa nzima mwezi uliopita yaweza kuwa imekwisha leo. Mkiona nyuzi nyeupe kama pamba juu yake, au ncha ya kisu ikiingia bila kulia, tokeni kwanza, kisha nguzo ibadilishwe kabla ya mtu kurudi ndani. Upinde mbovu hujeruhi mtu mmoja. Nguzo mbovu huweza kufukia kundi zima.

10. MAULIZO YA KUJIJARIBU

1. Mgongo wa upinde ni upande gani? Nyuzi zake hufanya kazi gani?
2. Kuvu ya buluu hula nini? Kwa nini mti wa buluu hautupwi upesi?
3. Rangi mbili za mukula ni ugonjwa, au ni umbo lake?
4. Utajuaje mti mzima na mti uliooza kwa ncha ya kisu?
5. Kipande cha gramu 23 kimekauka, kimebaki gramu 20. Maji yake ni kiasi gani kwa 100? Je, kuvu yaweza kukua humo?
6. Kwa nini lile gongo jeupe lilivunjika, na lile la buluu halikuvunjika?

Jibu la ulizo la tano: 15 kwa 100. Kuvu haiwezi kukua.

Kama ulizo la sita limekushinda, rudi kusoma sehemu ya kwanza na ya tano, kisha uende kwa mzee wa kijiji chako anayejua kuchonga. Chukua gongo lako mkononi, ukae naye kivulini, umwombe akuonyeshe mti gani wa pori lenu unafaa, na kila rangi yake imetoka wapi. Karatasi hii imekupa maulizo. Mzee na kisu watakupa majibu.